Dhiraa Moja ya Ukuta

Wayahudi niliowajua mimi walikuwa wa kwenye Biblia tu, wenye kanzu na ngamia. Kwa hiyo mpishi wa jirani aliponiambia kuwa bwana niliyekuwa nikimpakia nyumba rangi kule mtaa wa Woodley ni Myahudi, nilicheka. Huyu alivaa kaptura iliyochakaa, na kazi yake ilikuwa ya brashi kama yangu, ila yeye alichora picha. Alichora milango iliyofungwa, mishumaa, na ndege asiye na mti wa kutua. Kila picha aliiacha pembe moja tupu, kitambaa kitupu bila rangi. Nilidhani ni uvivu.

Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, wakati wa mkoloni. Nilikuwa na mke na watoto kwetu magharibi, na majivuno tele. Bwana alinionyesha ukuta unaotazamana na mlango, akaweka kiwiko, akapima hadi ncha ya kidole, juu na upande.

"Fundi, hapa usipake. Acha."

"Kwa nini, bwana?"

"Acha tu."

Nikaacha. Siku tatu mpishi wa jirani akawa ananiita dirishani: "Fundi, rangi imekuishia?" Fundi huvumilia njaa, lakini kuchekwa kazi yake havumilii. Siku ya nne bwana alipokwenda mjini, nilichovya brashi nikapaziba. Nikarudi nyuma kutazama, na nakiri niliona raha.

Aliporudi alisimama mlangoni na vifurushi vyake mkononi. Hakupiga kelele. Aliutazama ukuta.

"Nani amesema upake? Ofisi ya serikali?"

Ningesema ni mimi, angenifukuza na yangeisha. Lakini alikuwa amenipa pa kujificha, nami nikaingia.

"Ndiyo, bwana. Watu wa ofisi walikuja. Walisema ukuta wote."

"Waliuliza sisi watu gani?"

"Waliuliza."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, na haya yake ninayo mpaka leo.

Aliketi sakafuni, juu ya magazeti niliyotandika, akanieleza polepole kwa Kiswahili chake. "Nyumba ya Mungu yetu ilivunjwa zamani sana. Myahudi akipaka nyumba, anaacha mahali moja hivi, asisahau. Baba yangu aliacha. Mimi naacha kwa picha pia. Kule kwetu watu wa ofisi walikuja kuuliza, kama hawa. Halafu wakachukua baba. Hapana rudi."

Mimi niliyetembea na kipande mfukoni, kile kitambulisho cha mkoloni, niliyejua hofu ya askari akisema "simama," bado sikumwambia ukweli. Nilikunja magazeti yangu nikaenda zangu.

Wiki iliyofuata aliniita, si kupaka, bali kumsaidia kuhama. Mkewe alikuwa akichungulia nyuma ya pazia kila gari lilipopita. Tulizifunga picha kwa magunia, tukazipakia kwenye lori, moja moja, na kila moja niliyoibeba niliapa moyoni kwamba nikiiweka ndani nitasema. Niliiweka, nikarudi kuchukua nyingine.

Lori lilipojaa, alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Fundi, wewe mtu mzuri. Hawa watu wa ofisi wakirudi, wakiuliza tumekwenda wapi, tafadhali, usiwaambie."

Nikamwahidi kwamba sitawaambia.