Hodi ya Bwana Nyama

Afisa wanyamapori wa huku kwetu Chemba tulimwita Bwana Nyama, ingawa sijawahi kumwona akila nyama. Alikuja kwa baiskeli, suruali kaichomeka kwenye soksi, akimbembeleza kila mwenye shamba abakize kichaka kwa ajili ya digidigi na kanga. "Hata cha ukubwa wa uwanja wa mpira tu," alisema, na maji tuliyompa aliyanywa amesimama. Kabla ya kuingia kichakani alivua kofia na kuita, "Hodi, wenyewe!" kisha akasubiri, kichwa kainamisha, kama mgeni mlangoni. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Sisi alitusalimia kwa kifupi, lakini mle ndani tulimsikia akiongea kwa muda mrefu, taratibu, kama mtu aliyefika kwao. Kwao hasa ni wapi, hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mwaka ule wanunuzi wa simsim walipoanza kuleta malori mpaka vijijini, nilikifyeka kichaka changu chote nikapanda simsim. Akaja, akaegemeza baiskeli kwenye kisiki, akavua kofia kwa mazoea. Nilikuwa nimeshaandaa maneno makali: shamba ni langu, na watoto hawashibi kanga wa kutazama. Hakunikaripia. Alizunguka simsim yote polepole, akitafuta nyayo ardhini. Nikamtania: "Bwana Nyama, mbona leo hupigi hodi?"

"Nimpigie nani, ndugu yangu?" akasema, akaivaa kofia yake.