Wanne Walijibu Salama

Pikipiki ya kampuni ilipochukuliwa nilifurahi, nisiseme uongo. Kwa miaka sita nilikuwa bibi shamba wa kampuni inayokusanya mbegu za viazi. Nilizunguka vijiji vya Njombe na matope hadi magotini, baridi ikinitoa machozi, nikikagua mashamba ya wakulima wetu kabla viazi vyao havijapelekwa kwa wengine kuwa mbegu. Kwa hiyo meneja aliporudi kutoka semina Dar es Salaam na kutangaza kwamba ukaguzi sasa utafanywa na wakulima wenyewe kwa simu, nami nitakaa ofisini Makambako mbele ya kompyuta, nilipiga makofi kuliko wote. Sikujua najifungia mlango kwa mikono yangu.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Viazi vikianza kutoa maua, mkulima anapiga picha na kuituma. Mfumo unaipeleka kwa wakulima watano wa maeneo ya jirani, bila jina la mwenye shamba. Kila mmoja anabonyeza moja kama mimea iko salama, mbili kama inaumwa. Watatu wakikubaliana, jibu limepatikana. Anayepingana na wenzake mara tatu anafutwa kwenye orodha, kwa sababu, alivyosema meneja, huyo ama haoni vizuri ama anachezea simu. Mimi ndiye niliyewafundisha wakulima, na kila Ijumaa mimi ndiye ninayethibitisha majibu yao. Kuthibitisha ni kubonyeza kitufe kimoja cha kijani. Kitufe cha kukataa hakipo. Nilipouliza kwa nini, meneja alinijibu kwa upole kwamba maana ya kuwauliza wengi ni kukubali wanachosema.

Meneja si mtu wa huku, na mimi niliye wa huku nilinyamaza. Kwetu mtu hayatolei kasoro mazao ya mwenzake. Jumapili, baada ya ibada, sadaka za shambani zinanadiwa nje ya kanisa, na kabichi iliyotobolewa na wadudu inasifiwa na kununuliwa kama zile nyingine, mwenye kuileta akiwa amesimama palepale. Nimekulia kwenye adabu hiyo na naipenda. Lakini watu wenye adabu hiyo ndio niliowapa simu na kuwaambia wahukumu mashamba ya jirani zao. Kuficha jina hakukusaidia kitu. Huku mtu analijua shamba la mwenzake kwa jiwe, kwa mtaro, kwa kisiki. Majibu yakaja salama, salama, salama, na meneja akayapeleka kwa wakubwa akiwa anatabasamu.

Ijumaa moja ya Februari ikatokea picha ambayo hata mimi sikuhitaji jina. Niliiona ile mianzi ya kugemea pombe ya ulanzi pembeni, na mteremko nilipoporomoka nikiwa mdogo nikavunjika mkono. Lilikuwa shamba la baba yangu. Udongo ulikuwa umelowa na mvua, lakini mimea katikati ya tuta imelala, majani yamelegea yakiwa bado mabichi. Nilijua ni nini kabla sijavaa miwani. Ni mnyauko. Ukiingia kwenye udongo unakaa miaka, na ukisafiri ndani ya mbegu unaingia udongo wa kila atakayeipanda. Mbegu ya mashamba ya upande ule ilikuwa imepangwa kwenda kwa wakulima wa Mawengi.

Wanne walijibu salama, mmoja akajibu inaumwa. Kando ya yule mmoja, ambaye kwangu alikuwa tarakimu tu, kulikuwa na alama nyekundu, maana ilikuwa mara yake ya tatu kupingana na wenzake. Kitufe kilikuwa kilekile kimoja, cha kulipitisha shamba na kumfuta yeye. Niliinuka, nikaenda kwa meneja, nikamwambia jibu hili si sahihi. Aliniuliza kama nimefika shambani. Nikasema sijafika, pikipiki mmeichukua. Akacheka kidogo, akasema basi hao wanne wako karibu kuliko mimi. Sikumwambia ni shamba la nani, kwa sababu angesema naingiza mambo ya nyumbani kazini. Nilirudi kwenye kiti na kubonyeza, nikijiambia kesho nitakwenda Njombe nikajionee.

Jumamosi nilimkuta baba ameketi kwenye ukingo wa shamba. Nilimwamkia, nikaomba glasi ya maji safi. Hakuuliza ya nini. Nilikata shina la mmea mmoja, nikalishikilia ndani ya maji, tukaangalia wote wawili. Haikuchukua dakika nyingi, uzi mweupe kama maziwa, dalili ya mnyauko, ukaanza kushuka kutoka kwenye shina.

"Najua," baba alisema. "Nilishabonyeza mbili."

Sikumwelewa. Akatoa simu ya marehemu mama, ile ndogo yenye kioo kilichopasuka. Alikuwa amejiandikisha nayo mwenyewe kuwa mkaguzi, bila kuniambia, asije akaonekana kapita kwa mgongo wa mwanae. Picha mbili za kwanza zilikuwa za mashamba ya majirani, na yalikuwa yanaumwa. Ya tatu ilikuwa ya kwake, aliyoituma kwa simu yake nyingine, na mfumo haukujua kwamba ni mtu mmoja. Alinionyesha ujumbe ulioingia jana yake jioni, unaomshukuru kwa mchango wake na kumweleza kwamba majibu yake hayalingani na ya wenzake, hivyo hatatumiwa picha tena. Aliniomba nimsomee vizuri, labda kuna kitu hakukielewa. Nikamsomea neno kwa neno. Maneno yale nilikuwa nimeyaandika mimi, na nilijivunia yalivyo ya upole.

Aliniuliza kama naweza kulitengua lile jibu la salama. Nikasema siwezi, hakuna mahali pa kubonyeza. Akageuka kuniangalia.

"Sasa mwanangu, kule wamekuweka ufanye nini?"

Niliona aibu, na hasira juu yake, na nilitamani anigombeze kama zamani. Hakunigombeza. Aliingia ndani, akatoka na majembe mawili.

Tuling'oa shamba lote, mmea kwa mmea, tukachoma. Majirani walikuja mmoja mmoja wakidhani baba amerukwa na akili, wakasimama wakituonea huruma. Mama mmoja, tunayesali naye kanisa moja, alinivuta kando, akanisalimu kikwetu. "Kamwene, mwanangu. Mbona mnaharibu? Sisi tulisema ni salama. Baba yako tungewezaje kumwandikia ugonjwa, na wewe mtoto wetu uko ofisini?" Alikuwa anangoja nimshukuru. Nilimshukuru.

Jumatatu nilimweleza meneja kila kitu, pamoja na shamba ni la nani. Alisikiliza vizuri, sikatai. Halafu akauliza ni wakulima wangapi wanaokubaliana nami kwamba lilikuwa linaumwa. Nikasema mmoja. Akauliza kama yuko kwenye orodha. Nikasema alifutwa Ijumaa. Alifungua mikono, kama mtu aliyefika kwenye ukuta. Nilifikiria kuacha kazi siku ileile, nikafikiria karo za wadogo zangu wawili, nikarudi kwenye kiti.

Wiki hiyo mfumo ulimwomba baba picha ya maendeleo ya shamba, kama unavyowaomba wote. Baba hajui kusema uongo. Akapiga picha ya majivu na udongo mtupu, akaituma. Picha ikaenda kwa watano, pamoja na swali kama mkulima huyu ametunza shamba la mbegu. Safari hii hapakuwa na mtu wa kumsitiri, kwa kuwa hapakuwa na mmea wa kuusifu. Wote watano walibonyeza hapana.

Ijumaa jibu likanifikia. Mkulima aondolewe kwenye kampuni. Angalau ugonjwa wa shamba lake haungefika Mawengi, na aliyeuzuia ndiye niliyetakiwa kumwondoa. Nilikaa na lile jibu tangu asubuhi hadi wenzangu walipokwenda kula na kurudi. Kisha nikabonyeza.

Baba hajawahi kuniuliza ni nani aliyebonyeza. Akipiga simu ananiuliza kama nakula vizuri, kama Makambako kuna upepo, na lini nitakwenda nyumbani. Nami kila mara namjibu kwamba kazi zimenibana.