Pikapu Lililomgomea Futi

Mtaani walimwita Futi, kwa sababu mkanda wa kupimia nguo ulikuwa haumtoki shingoni. Hata siku ya kumzika baba yake alisimama kaburini nao, mpaka mama yake alipomvua taratibu, akaukunja na kumtilia mfukoni, huku sala ikiendelea.

Marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa dereva maisha yake yote. Aliacha nyumba, ua wenye mteremko kutoka getini hadi ukuta wa nyuma, na pikapu kuukuu la dizeli. Kwa kuwa Futi ndiye mtoto wa kiume peke yake, funguo alikabidhiwa yeye. Kazi ya pikapu ilikuwa moja: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kabla jua halijatoka, kumpeleka mama hospitali kusafishwa damu. Pale mashine hazimsubiri mtu. Ukichelewa, kitandani kwako analazwa mwingine.

Kwa baba, pikapu lilikuwa linawaka. Kwa Futi likakataa.

Mchana halikuwa na neno. Lakini asubuhi ya baridi stata ilizunguka weee, mpaka betri ikaanza kukohoa na majirani wakafungua madirisha. Futi alinunua betri mpya, likagoma. Akabadilisha plagi za hita, zile zinazopasha injini moto kabla ya kuwaka, likagoma vilevile. Ijumaa moja lilipokuja kukubali, kulikuwa kumekucha kabisa, na mama akakosa mashine. Alirudi ndani, akakaa kitandani na kujaribu kuvua viatu. Havikutoka. Miguu ilikuwa imevimba.

Jioni dada yake Futi akaja. "Kaka, usinielewe vibaya. Funguo mpe baba watoto. Yule ni fundi magari, wewe ni fundi cherehani."

"Ni gari la baba yangu."

"Na mimi baba yangu alikuwa nani?"

Mama akawanyamazisha kwa mkono. "Jumatatu ndiyo mwisho. Likigoma Jumatatu, liende kwa mkwe wangu."

Mkwe wangu! Futi alihisi kama kameza pini.

Huyo mkwe waliyemwita Spana hakuwa amemkosea kitu, na hilo ndilo lililozidi kumuudhi. Miaka kumi Futi alimsikia baba yake akicheka na Spana chini ya boneti, kicheko ambacho dukani kwa Futi hakikuwahi kufika. Aliwahi kumshonea baba koti zuri, mishono imetulia, mfuko wa ndani wa miwani. Baba akalishukuru, akalivaa, na siku hiyohiyo akaingia nalo chini ya gari pamoja na Spana. Oili haikutoka tena. Na msibani watu walimpa Spana pole kwanza. Futi aliwahesabu: saba.

Jumamosi Spana akaja na sanduku la vifaa na boksi la kulalia. "Shikamoo mama. Shemeji, habari za cherehani?"

"Haina plagi," alijibu Futi.

Spana akacheka kweli, Futi akachukia. Kisha fundi akainama kwenye ekzosi. "Washa!"

Futi akazungusha funguo.

"Nimesema washa, siyo bembeleza!"

Stata ilizunguka. Spana akaweka kiganja nyuma ya ekzosi, akatikisa kichwa. "Hakuna moshi. Ingekuwa baridi tu, ungeona moshi mweupe unatoka, dizeli imefika ila haijashika moto. Hapa dizeli haifiki. Tunaisingizia baridi bure." Akaibonyeza pampu ndogo ya mkono juu ya filta. Ilikuwa laini kama puto. Akabonyeza mara nyingi mpaka ikawa ngumu. "Washa tena."

Likawaka papo hapo.

"Umeona? Linanyonya hewa mahali. Likilala, dizeli inarudi kwenye tanki, asubuhi pampu inavuta upepo. Sasa tundu liko wapi?" Akaingia chini, akabadilisha filta, akakaza vibana vyote alivyoviona. Jasho likamtoka. Kisha sauti yake ikasikika kutoka uvunguni: "Lakini shemeji, mzee alikuwa anafanyaje? Maana kwake lilikuwa linawaka."

Hapo ndipo Futi alipotazama chini, kule mwisho wa ua, akaona doa la oili. Doa kubwa, jeusi, la miaka, karibu na ukuta wa nyuma.

Injini ya pikapu iko mbele. Kwa hiyo baba alikuwa anaingia moja kwa moja, anateremka, analilaza pua ikitazama ukuta. Kila asubuhi alitoka kinyumenyume, shingo imepinda, na Futi alikuwa akimcheka: "Baba, hata kugeuza gari unaona uvivu?" Yeye aliporithi funguo, jambo la kwanza alilofanya ni kuliingiza kinyumenyume, pua juu, ikitazama geti, ili atoke kama bwana. Tanki likawa chini, injini juu. Dizeli ingebakije?

 

"Sijui," alisema. "Baba alikuwa na mambo yake."

Spana alilala chini ya gari mpaka alasiri. Futi alikaa kibarazani akipiga pindo la suruali ya mteja, akizitazama zile nyayo mbili zilizotokeza kwenye boksi, na mara ya kwanza tangu msiba moyo wake ulikuwa mtamu. Utamu huo haukumpendeza. Usiku, aliposali, ulimi wake ulitaka kusema: Ee Mungu, liwake, lakini lisiwake kwa mkono wake. Akaona aibu, akasema amina kabla hajamaliza.

Jumapili jioni, peke yake, aligeuza pikapu. Pua ukutani, injini juu ya doa la baba yake.

Jumatatu kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Mama alipanda, shali mpaka puani, akashika tasbihi ya kimya ya vidole vyake. Futi akasubiri taa ya hita izime, akazungusha.

Likawaka kabla hajamaliza kuzungusha.

"Mungu mkubwa!" mama alisema. Machozi yalimlengalenga. Aliipapasa dashibodi kama mgongo wa mtoto. "Yule kijana kalala chini siku nzima kwa ajili yangu. Mungu ambariki mkwe wangu."

Futi alikuwa ameshageuza shingo atoke kinyumenyume. Alitaka kusema: mama, ni mimi. Lakini angelisemaje bila kueleza amejua tangu lini? Njia nzima alimsikia mama akimwombea Spana baraka, moja baada ya nyingine, na zote alizimeza.

Mama alilazwa kwenye mashine kwa wakati. Futi hakwenda dukani. Alikwenda na pikapu gereji, akamkuta Spana anafungua mlango.

"Limewaka?"

"Limewaka. Nimelilaza pua chini. Baba ndivyo alivyokuwa anafanya." Akaushika mkanda shingoni. "Nilijua tangu Jumamosi, uliponiuliza. Tundu litakuwa nyuma, kwenye mpira unaotoka tankini."

Spana akauacha mlango nusu wazi. Hakucheka.

"Uliniacha nimelala pale mpaka alasiri."

"Nilikuacha."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unamchekesha," alisema Futi. "Mimi nilikuwa simchekeshi."

Spana akaingia ndani. Futi alidhani ndiyo basi. Lakini alitoka na kipande kipya cha mpira, vibana viwili na bisibisi, akamwekea mkononi. Kisha akalitupa boksi chini, kando ya gurudumu la nyuma.

"Haya, shemeji. Leo lala wewe."

Futi akavua mkanda shingoni, akaukunja, akautia mfukoni. Akalala.