Mtihani wa Kufeli kwa Makusudi

Daktari aliigeuza kompyuta ili wote wawili waone, akasema kwamba kwa alama hizi za mtihani wa leo, zikilinganishwa na zile za chuoni, Rayford Batiste yuko vilevile alivyokuwa akiwa na miaka kumi na tisa. Kumbukumbu vilevile, wepesi wa akili vilevile. Rayford akaegemea kiti kikalia, akamtazama mkewe kwa tabasamu la mshindi. Nadine nusura amrushie mkoba.

"Si nilikwambia?" Rayford alisema. "Daktari, mwanamke huyu kanisumbua miezi minne. Ati nasahau! Nani hasahau?"

"Ray, jana ulitia viatu kwenye friji."

"Vilikuwa vinanuka."

Haki ya Mungu, mwanaume huyu! Na wala si viatu vilivyomleta Nadine hapa, ni basi. Kila Ijumaa Rayford ndiye aliyeendesha basi la timu ya shule ya mji wao, kule Luiziana, vijana thelathini na wanane ndani. Mwezi wa kumi aliwapeleka kucheza mji wa jirani, mwendo wa dakika ishirini tu, wakakaa njiani saa mbili nzima. Aliwavusha daraja lilelile mara nne. Vijana walidhani ni utani. Aliporudi nyumbani alisema alikuwa akiwaonyesha mto, kana kwamba watoto wa Luiziana hawajawahi kuona mto.

Nadine alimwendea mwalimu mkuu, akamwomba achukue funguo za basi. Mwalimu mkuu akacheka. "Mimi nimnyang'anye funguo Ray Batiste? Mama, unataka wanichome moto? Niletee karatasi ya daktari." Nadine akaenda kwa sherifu, mkuu wa polisi, jibu lilelile. Hata muuza nyama, ambaye hakuulizwa, alisema Ray yuko imara. Mji mzima umepumbazwa na mtu mmoja, na yote kwa sababu ya mpira aliowahi kuucheza!

Chuo kikuu kilimchukua Ray kwa ufadhili, kijana mwenye shingo nene kama gogo, kikamfanya lainbeka. Huyo ni mlinzi wa katikati katika mpira wa Kimarekani. Anasimama hatua chache nyuma ya yale mabonge ya mstari wa mbele, anasoma wapinzani wanakusudia nini, anapiga kelele kuwapanga wenzake, halafu anachomoka na kumvaa yeyote aliyeshika mpira, mzima mzima. Mara nyingi kichwa ndicho kilichotangulia. Na Ray alikuwa hodari, tusimnyime haki yake. Mwaka wa tatu hakuna aliyewaangusha watu wengi kama yeye katika chuo kile, na Nadine, aliyekuwa akisomea ualimu, alishangilia jukwaani mpaka sauti ikakauka. Mjinga mwenzake, basi.

Lakini uhuni wenyewe ulianza kabla ya mechi ya kwanza. Wachezaji wapya waliketishwa mbele ya kompyuta wapimwe akili: kumbuka maneno haya, kumbuka picha hizi, bonyeza haraka. Alama zinawekwa. Siku ukigongwa kichwa unapimwa tena, na zikishuka huchezi mpaka upone. Jambo zuri, la kumlinda mtu. Sasa mkongwe mmoja wa timu akawavuta wapya pembeni, akawafundisha: feli. Usifeli sana wakakuona punguani, feli kiasi. Hapo hata ukigongwa ukaona nyota, alama zitalingana, nawe utaingia uwanjani. Ray alifeli vizuri sana.

Alipomaliza chuo, ligi ya kulipwa ikamchagua, raundi ya sita ya timu kugawana wachezaji wapya. Siku ile ndugu wote walikusanyika uani, kamba wa mtoni wa kuchemsha wamemwagwa juu ya magazeti, kila mtu anasubiri simu ilie. Simu yenyewe alikuwa ameishika shangazi Verlene akisengenya kanisa zima! Timu ilipiga mara tatu kabla hajapokonywa. Akapelekwa kaskazini kwenye theluji. Miaka sita, timu tatu, na Nadine akafunga na kufungua masanduku mara tano, maana Ray hajui hata kukunja shuka.

Huko hakuwa nyota. Mara nyingi waliingiza kikosi chake pale tu mpira unapopigwa mbali, watu wanakimbia nusu uwanja kisha wanagongana kama magari. Jumapili moja aligongwa, akarudi nyumbani, akamuuliza Nadine mechi inaanza saa ngapi. Jumanne akapimwa, alama zikalingana na zile za uongo. Jumapili iliyofuata alikuwa uwanjani. Kila timu mpya ilimpima upya, naye kila mara alifeli upya, kisha akawafundisha vijana waliokuja nyuma yake. Nadine aligomba, alilia, alinuna wiki nzima. Ray alimwapisha asimwambie mtu asiye wa ukoo, eti atawaharibia watu riziki. Nadine akaapa, na akaitunza siri miaka yote hiyo. Na ni yeye huyohuyo aliyehangaika kuandika barua chuoni alama zile ziletwe kwa daktari huyu, huku kichwani kumejaa mambo ya basi, hata asifikirie zilipatikanaje. Alijiona bwege kuliko wote.

Daktari alikuwa ameshasimama kuwaaga.

"Kaa, daktari," Nadine alisema. "Tafadhali kaa. Hizo alama za zamani ni za uongo. Alifeli makusudi. Wote walikuwa wakifeli makusudi. Kama leo amepata sawa na siku ile, basi leo amefeli kweli."

Alijikaza. Alisubiri Ray angurume, apige meza, amwite msaliti. Ilimuuma kuvunja kiapo, lakini aliwawaza wale thelathini na wanane, na lile daraja.

Ray alimtazama kwa mshangao. "Mimi? Nadine, mbona unanizulia mbele ya watu?"

"Ray, acha. Imekwisha."

"Sijawahi kudanganya mtihani maisha yangu yote."

"Unaisimulia kila mwaka mezani kwa mama yako! Sikukuu ya Shukrani, mchuzi wa gumbo haujapoa, ushaanza: feli kiasi, feli kiasi! Watu wanacheka mpaka wanapaliwa!"

"Nasimulia nini?"

Ray akidanganya hujikuna sikio. Miaka ishirini ya ndoa, hajawahi kukosa. Mikono yake ilikuwa imetulia magotini.

Daktari aliketi. Akauliza taratibu, "Bwana Batiste, chuoni mlipokuwa mnapimwa kwa kompyuta, ilikuwaje?"

Ray alifungua mdomo. Akatazama dirishani, akatazama kompyuta, kisha akamgeukia mkewe, kama anavyofanya siku hizi jina la mtu likimpotea. "Nisaidie basi," alisema.

Miezi minne Nadine alikuwa akitaka kushinda ugomvi huu, na sasa alitamani Ray ajikune sikio, acheke, amwambie alikuwa anamtania. Angemtukana matusi yote anayoyajua na kumpeleka nyumbani.

Daktari alichukua karatasi, akaandika kwamba Rayford Batiste asiendeshe basi wala gari lolote, na arudi kwa vipimo vingine. Ray hakubisha. Alitoa funguo mfukoni, akamwekea Nadine kiganjani na kumfunga vidole.

"Haya, kama itakufurahisha," alisema. Kisha akamwinamia, akapunguza sauti ili daktari asisikie. "Lakini ule mtihani wa chuoni, nilifaulu, siyo?"

"Ulifaulu," Nadine alisema.