Hodi Tatu za Kilimarondo

Shangazi yangu analima mahindi Kilimarondo, na tembo wanayajua mahindi yake kuliko bwana shamba. Msimu uliopita walimwachia mabua. Safari hii alisema wakirudi tena, anaacha kilimo na kuhamia kwangu Ruangwa. Nyumba yangu ina vyumba viwili, na shangazi huamka kabla ya jogoo, akataka kila mtu aamke. Nikawasha kompyuta.

Mwishoni mwa shamba nilisimamisha nguzo, nikafunga kisanduku chenye antena, na waya uliokatiza njia ya tembo. Nyumbani kwake nikaweka kompyuta ndogo ya sola na honi ya pikipiki niliyonunua Nachingwea. Waya ukivutwa, programu niliyoiandika ingetuma pakiti, yaani kifurushi kidogo cha ujumbe kinachopita hewani, chenye anwani ya kompyuta ya nyumbani na neno moja: TEMBO. Ikipokewa, honi inalia na jibu linarudi kwenye kisanduku. Jibu lisiporudi, programu inatuma tena. Mara tatu, kisha inanyamaza.

Hiyo tatu niliionea fahari. Nimekulia Naipingo, ambako mtu hupiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa huenda zake bila kinyongo.

Siku ya majaribio, saa nne asubuhi, majirani walikaa uani kuisubiri honi. Shangazi akaenda kuvuta waya. Kimya. Tulimwona kwa mbali akivuta tena. Kimya. Alirudi akaniuliza kama ile honi imekunywa chai. Jirani mmoja akamwambia asiilaumu, labda inataka tembo mwenyewe.

Nikakagua kumbukumbu za programu. Kila waya ulipovutwa, pakiti tatu zilitoka, zote ndani ya sekunde tatu. Lakini kompyuta ya nyumbani, ili kuokoa betri, nilikuwa nimeipangia isinzie na kuamka mara moja tu kila dakika. Hodi zote zilipigwa mwenyeji akiwa amelala. Nikamweleza shangazi hivyohivyo.

Alinitazama kidogo. "Mwanangu, hodi tatu ni za mgeni wa kawaida. Anayekuja kusema nyumba inaungua, naye anahesabu?"

Majirani wakacheka. Nikaketi kwenye kigoda, nikaifuta ile tatu, nikaiagiza programu itume bila kukoma mpaka iitikiwe. Shangazi akavuta waya upya. Haikutimia dakika, honi ikalia na kuku wakaruka uzio.

Wiki chache baadaye alinipigia simu jioni. Tembo walikuja, honi ikalia, watu wakatoka na madebe. Wamekula mistari miwili ya pembeni tu, mengine atavuna. Nikamuuliza programu yangu ilifanyaje kazi.

"Leo haikuwa na adabu hata kidogo," alisema, kwa sauti ya kusifu.

Halafu akaniagiza niende Jumamosi na nguzo nene zaidi. Ile ya kwanza tembo mmoja aliing'oa wakati anakimbia.