Chuma cha Ng'ombe Kwenye Mguu Wangu

Mguu wangu wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia, na walioufupisha ninawajua kwa majina. Nitawataja. Mimi ni Kabula, wa hapa Bariadi. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo msitafute maneno ya kupamba.

Kabla ya hapo nilikuwa mzima. Biashara ya pamba ilipofunguliwa, watu binafsi wakaruhusiwa kununua, na nje kidogo ya mji kikajengwa kiwanda cha kuchambua pamba. Nikapata kazi ya kutenga pamba safi na chafu. Meneja alikuwa Mhindi, Bwana Hareshi. Jioni alikuwa akicheza kriketi na madereva wake kwenye uwanja wa marobota. Siku moja mpira ukaja miguuni kwangu, nikaurudisha kwa kurusha. Ukang'oa kijiti kimoja kati ya vile vitatu wanavyolenga. Wakacheka, wakadhani nimebahatisha. Sikubahatisha. Tangu utoto nilikuwa nalinda mtama kwa madongo, na ndege akitua kwenye suke simkosi.

Hareshi akanifundisha kurusha bila kukunja mkono, maana kwenye kriketi ukikunja ni kosa. Baadaye akanipeleka Dar es Salaam, timu ya taifa ya wanawake ndiyo kwanza inakusanywa. Nikachukuliwa. Nikavaa jezi ya nchi, nikaenda kucheza Kampala, nikawatoa wapigaji wanne siku moja. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nyumbani hakuna aliyejua kriketi ni kitu gani, lakini mama alipita kila kaya akisema mwanawe amevuka mpaka kwa ajili ya mkono wake.

Ugonjwa uliletwa na mpira. Mpira wa kriketi ni wa ngozi, mgumu kama jiwe la mto. Pedi za kukinga miguu zilikuwa chache, tulikuwa tunaazimana. Mazoezini ikafika zamu yangu ya kupiga, kocha akasema niingie bila pedi, muda unakwenda. Kocha huyo ni Sudi. Mpira ukanipata kwenye muundi, nikasikia kitu kinalia ndani. Sudi akabonyeza kwa kidole gumba.

"Nyama tu hiyo. Weka barafu."

Siku mbili zilizofuata akanirushisha mpira kama kawaida, nikiuma meno. Halafu tukapewa mwezi mmoja wa kupumzika kabla ya safari ya Nairobi. Wakati wa kuagana akaniambia, "Ukirudi unachechemea, nafasi yako nampa mwingine."

Maneno hayo ndiyo yaliyoniingiza shimoni. Nilifika nyumbani mguu umevimba, ngozi inang'aa. Baba yangu alikwisha kufariki, mwenye kauli alikuwa mdogo wake, Masanja. Huyu alijulikana mpaka Mwandoya kwa kutibu ng'ombe. Ng'ombe akichechemea, alikuwa anapasha chuma motoni anamchora mistari mguuni, damu mbaya itoke. Na nitasema kweli yote: mimi mwenyewe nilimwendea. Nilimuuliza ng'ombe anapona kwa muda gani.

"Wiki mbili anafuata wenzake malishoni, ng'wanawane," akasema, ndiyo mwanangu kwa Kisukuma chetu.

Wiki mbili zilitosha kuiwahi Nairobi. Nikakaa kwenye kigoda, nikanyoosha mguu. Akataka vijana wanishike, nikakataa. Akanichora mistari minne. Harufu ya nyama yangu niliisikia kabla ya maumivu.

Wiki ya kwanza nilingoja kupona. Wiki ya pili homa ikanishika, meno yanagongana juani. Mistari ikafunguka, ikatoa usaha wa kijani. Masanja akapaka majivu na samli, akasema uchafu unatoka, ni dalili njema. Wiki ya tatu nzi walikuwa hawaniachi, na watoto wakawa wanakula mbali nami. Mama akasema hospitali. Masanja akasema atakayenitoa pale nyumbani kwake asirudi.

Mama yangu, Nkwimba, hakuwa mtu wa kubishana na wanaume. Siku hiyo alisimama mbele yake na kanga begani.

"Shemeji, wewe ni mganga wa ng'ombe. Huyu mtazame vizuri. Hana mkia."

Akaondoka kwa miguu hadi kiwandani, akasimama getini mpaka Hareshi alipotoka. Hareshi alikuja na pikapu yake mwenyewe. Aliponiona hakuuliza habari za mpira.

Hospitali daktari akauliza nimeunguaje. Nikamdanganya kwamba niliangukia mafiga. Akasema moto wa jikoni hauchori mistari iliyonyooka. Picha ikaonyesha mfupa ulikuwa na ufa wa zamani, na sasa unaoza. Akaniambia, "Ungekawia siku chache, ningeukata juu ya goti."

Nikapelekwa Mwanza. Walinipasua mara tatu, wakatoa vipande vya mfupa vyeusi. Nililala miezi saba. Sista Nshoma alikuwa akinisafisha kidonda kila asubuhi, nami nikimtukana kwa Kisukuma, naye akinijibu kwa Kisukuma hicho hicho. Nairobi walikwenda bila mimi. Sudi hakuja. Aliagiza jezi irudishwe.

Sikuirudisha.

Nilitoka natembea. Kurusha tena sikuweza, maana anayerusha anaangukia mguu wa kushoto, na wangu haubebi. Wenzangu wamezunguka nchi za watu. Mimi nauza dengu sokoni.

Mwaka jana Masanja alipatwa na sukari, akatokwa na kidonda kwenye wayo. Wanawe wakakifunga majivu na samli, kama alivyowafundisha. Nilipoingia kumtazama nikaijua harufu kabla sijamwona. Akavuta shuka afunike mguu.

"Nitapona tu, ng'wanawane."

"Baba, huna mkia," nikamwambia. Nikaita bodaboda.

Wamemkata vidole viwili, mguu umebaki. Watu kanisani wanataka niseme nimemsamehe. Sijamsamehe, wala Sudi. Namshukuru Mungu, na mama, na Hareshi, na Sista Nshoma. Na ninyi wenye kidonda kinachonuka, msingoje mpaka mmsamehe mtu au mgombane naye kwanza. Nendeni leo. Masanja nilimpeleka siku ile ile, nikichechemea mbele yake kutoka geti la hospitali hadi kwa daktari.