Dawa ya Mende na Mkeka wa Watoto

“Hiyo dawa ikishapuliziwa, inakwenda wapi?” aliuliza dada wa usafi. Nilikuwa nimempeleka mtoto wa dada yangu kwenye chekechea moja huko Goba. Mende walikuwa wameonekana darasani, na mwalimu mkuu alishashika kopo la dawa mkononi.

“We deki, dada. Mambo ya dawa niachie mie.”

Nilishafungua mdomo nimkemee mwalimu, lakini dada wa usafi aliniwahi. Alitandaza mkeka ambao watoto hulalia mchana, akajilaza, shavu likavuka ukingo wa mkeka na kugusa sakafu, kisha akanyonya kidole gumba kama mtoto wa miaka mitatu.

“Samahani mwalimu, wanalalaga hivi. Wakiamka wanakula kwa mikono hiihii.”

Mwalimu alishusha kopo taratibu.

Dada alikuwa bado amelala alipoonyesha kwa kidole: “Kumbe wanatokea pale!” Nyuma ya mguu wa kabati palikuwa na ufa, na mbele yake makombo ya maandazi. Sie tuliosimama tusingeuona kamwe. Alifagia, akafuta kwa sabuni, na jioni ufa ukazibwa kwa saruji. Wiki ya tatu sasa, mende hawajaonekana.

Nimezoea midahalo ya chuoni, lakini sijawahi kuona mtu akishinda hoja akiwa amelala. Na mtu huyu, kwenye vikao vya shule, huitwa kupanga viti tu!

Ewe mzazi, kesho naomba umuulize anayedeki darasa la mwanao: mende wanatokea wapi?